Maswali yanayorudi kila mara kuhusu vijana wetu: kuwashika mkono wainuke na wajisikie ni wa hapa

Hapa Mwanga, Kigoma mjini, kila Jumamosi tunakaa na vijana kama ishirini hivi, mpira, stori, saa zingine hesabu za shule, afu wiki nzima inayofuata simu yangu inajaa voisi za wazazi wakiuliza yaleyale. Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Mi si daktari wala mwanasaikolojia, ni mtu wa mtaani niliyekaa na vijana muda mrefu na kukosea sana tu. Kama jambo lako ni zito nenda moja kwa moja swali la 15, haya mengine utayarudia baadaye.

## Mwanzo kabisa

1. Kuinuka baada ya kuanguka, si ndo kukomaa tu? Mbona sisi tulikomaa wenyewe?

Hili ndo linaongoza, na wanaouliza wengi ni akina baba. Mtoto kafeli, komaa. Kaachwa na marafiki, komaa. Na mimi nilikuwa nalitumia hilo neno kama chumvi. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kuvua, tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, kuna kijana wetu mmoja baba yake mvuvi, akaanza kuja kanuna, mara haji kabisa, siku hiyo nikakutana naye njia ya Kibirizi nikamwambia komaa mdogo wangu, mambo yatakaa sawa, nikapanda bajaji nikaondoka zangu. Hakuja tena. Nilikuja kujua baadaye kwamba nyumbani walikuwa wanakula mara moja kwa siku na yeye ndo alikuwa anawaachia wadogo zake.

Sasa we mtu wa Kigoma unajua chikichi inavyokomaa. Mkungu unakaa juu ya mti miezi mitano, sita, umeshikwa na mti wake. Ukiukata mbichi ukautupa chini afu ukaanza kuupigia kelele ukomae, utaoza mbele ya macho yako. Kijana naye anakomaa akiwa ameshikwa. Na hao wanaosema walikomaa wenyewe, ukikaa nao kwenye kahawa wakaanza stori utasikia bibi, utasikia mjomba aliyelipa ada, utasikia mama jirani aliyekuwa anawapa ugali wa muhogo bila kuuliza. Walishikwa, ila wamesahau.

2. Tunaongelea umri gani?

Shirika la Afya Duniani linahesabu miaka 10 mpaka 19. Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, hata kama ana ndevu na anakuzidi urefu. Na ubongo wenyewe unaendelea kukomaa mpaka kwenye miaka ishirini na kitu, hasa ile sehemu ya kupima madhara kabla ya kutenda, kwa hiyo ukiona kijana wa miaka 16 kafanya kitu ukajiuliza hivi huyu anafikiria kweli, jibu ni kwamba bado anajifunza kufikiria.

3. Hivi vitu vidogo vinasaidia kweli au ni maneno ya semina?

Kuna kisiwa Hawaii kinaitwa Kauai. Mtafiti anaitwa Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa hapo mwaka 1955, wakaenda nao mpaka wamekuwa watu wazima. Karibu theluthi yao walianza vibaya, umaskini, ugomvi ndani, mzazi mlevi au mgonjwa wa akili. Katika hao walioanza vibaya, kama mmoja kwa watatu alikua fresh tu, ana kazi, ana familia, ana utu. Walipochunguza hao wana nini wakakuta vitu vya kawaida kabisa: kulikuwa na mtu mzima angalau mmoja ambaye hakuwaacha, si lazima mzazi, anaweza kuwa bibi, mwalimu, jirani. Na wengi walikuwa na kazi ya kutegemewa, kama kulea wadogo zao.

Sikudanganyi, wale wengine wawili kwa watatu walipata shida, yani huu si uganga. Ila mtu mmoja asiyeondoka ni kitu ambacho hata wewe usiye na hela unaweza kuwa.

4. Nitajuaje kama mwanangu anajiona ni wa hapa, si mgeni kwenye maisha yake mwenyewe?

Kipimo changu ni kimoja. Asipokuwepo, kuna mtu anauliza? Kijana anaweza kuwa na watu mia tano kwenye simu na akikosa shule siku tatu hakuna hata mmoja wa kusema "oya, umepotelea wapi". Karibu kila kitu nitakachosema huko chini kinazunguka hapo tu, kumfanya kijana ajue kwamba kukosekana kwake kunaonekana.

## Nyumbani

5. Nikimuuliza "shule vipi" anajibu "fresh", basi. Nifanyeje aongee?

Kwanza acha kumkalisha. Ukimwita sebuleni ukamwambia kaa hapo nataka tuongee, tayari umefungua mahakama, na mshtakiwa ananyamaza. Vijana wanaongea mkiwa mnafanya kitu kingine, macho hayakutani, mikono iko bize. Mnachambua dagaa, mnapukuchua mahindi, mnatembea kutoka Gungu kuja mjini. Ndo hapo anaachia sentensi moja katikati ya stori nyingine, na we usirukie, sema "mh" tu, endelea kuchambua. Atamalizia mwenyewe.

Pili badilisha swali, manake "shule vipi" ni kama "habari za leo", jibu lake ni nzuri hata kama nyumba inaungua. Uliza kitu kidogo: leo ulikaa na nani? Nani kawachekesha? Yule rafiki yako aliyekuwa anaumwa alikuja?

Tatu, akikuambia tatizo usiwe fundi papo hapo. Muulize "unataka nikusaidie au unataka nisikilize tu?" Mara ya kwanza atakushangaa. Mara ya tatu atakujibu.

6. Mi nalala ziwani, mama yake anatoka alfajiri kwenda sokoni. Muda tutautoa wapi?

Hapa wavuvi mna kitu ambacho watu wa ofisini hawana: mbalamwezi. Mwezi ukiwaka dagaa hawavuliki, mnashusha vyombo mnapumzika, na kila mwezi zile siku zinarudi. Baba mmoja wa Katonga ameamua siku moja kwenye mbalamwezi ni ya kijana wake wa form two, wanapika wawili samaki wa migebuka, kijana ndo mpishi baba anakatakata vitunguu. Hakuna hotuba hapo. Sa hivi kijana anahesabu mwezi kuliko baba yake!

Kwa mama wa sokoni, dakika mbili zinatosha ila ziwe kila siku na ziwe zilezile. Mmoja anamwachia mwanae kikaratasi juu ya hotpoti, maneno mawili matatu, "nimekuachia na parachichi" au "nakuombea mtihani". Akadhani mtoto anatupa. Siku anafagia chini ya godoro akavikuta vyote.

7. Kazi za nyumbani, nimwachie asome tu au afanye?

Afanye. Ila kuna kazi ya adhabu na kuna kazi ya kutegemewa, usizichanganye. Kufokewa uoshe vyombo kwa sababu umechelewa, hiyo ni adhabu. Kuambiwa "mahesabu ya genge la mama unayashika wewe, mi siwezi" hiyo inamjenga, manake sasa kuna kitu kitaharibika asipokuwepo (rudi swali la 4, na wale watoto wa Kauai swali la 3). Isizidi tu mpaka akakosa shule au usingizi, na isiwe binti anafanya zote wakati kaka yake kalala.

8. Nikimsifia si atavimba kichwa?

Anavimba akisifiwa uongo. Usimwambie "we ni jiniasi", mwambie ulichokiona: "nimeona umerudia lile swali mara nne bila kukata tamaa". Inatosha.

9. Na hii simu?

Simu yenyewe haina shida kubwa kama usiku. Kijana wa miaka 13 mpaka 18 anahitaji masaa 8 mpaka 10 ya usingizi, na asiyelala kila kitu kwake kinakuwa kizito, hasira juu, machozi karibu. Simu zote zilale sebuleni, na ya kwako pia. Ukiibakiza ya kwako chumbani sheria imekufa siku hiyohiyo.

10. Nimeshamtukana mbele ya wenzake. Nimechelewa?

Hujachelewa, muombe msamaha. Najua kwetu mzazi kumwomba mtoto msamaha ni kama kujivua nguo, wazee wengi watakwambia atakupanda kichwani. Mi nimeona kinyume chake. Mwambie "mwanangu, jana nilikosea kukusema vile mbele za watu, kosa lako tutaliongelea ila vile haikuwa sawa". Fupi, usiongezee "lakini na wewe bwana". Hilo "lakini" linafuta yote. Kama ulimwaibisha hadharani, jitahidi hao waliosikia tusi wasikie na neno zuri.

## Shuleni na mtaani

11. Mi mwalimu, darasa lina watoto themanini, namjuaje kila mmoja?

Watano kwa siku. Siku kumi na sita za kazi umemaliza darasa lote, afu unaanza upya. Watano hao leo unawaita kwa majina yao mlangoni, unauliza neno moja, unaandika sentensi moja kwenye daftari lao badala ya tiki tupu. Anza na wale wa katikati, manake wa kwanza anajulikana na mtundu anajulikana, anayepotea ni yule wa 40 asiye na kosa wala sifa. Mwanafunzi aliyekosa siku mbili, akirudi mpokee kwa "tulikukosa, umepona?" kabla ya "barua ya mzazi iko wapi". Barua utaidai tu, haikimbii.

12. Mi si mzazi wala mwalimu, nina kibanda cha chipsi / naendesha boda. Nasaidiaje?

Itikia shikamoo. Nipo siriasi. Vijana wetu wanaamkia watu wazima kutwa nzima na sisi tunajibu "marahaba" macho kwenye simu, wengine hata hatujibu. Inua kichwa, mtazame, ongeza jina lake na kitu kimoja: "Marahaba, vipi timu yenu ilishinda?" Kijana mmoja aliniambia kipindi amehamia kwa baba yake mdogo Ujiji, hajui mtu, muuza kahawa wa kwenye kona ndo alikuwa mtu pekee anayemuita jina. Nilimuuliza yule mzee, wala hakumbuki!

Boda, nyie mnaona mengi. Mnajua nani anazurura muda wa shule na nani anasubiriwa getini na mtu asiyemhusu. Ukiona hilo la pili nenda swali la 16.

13. Mwanangu anachekwa lafudhi, wanamuita "Mrundi", "mkimbizi". Nimwambie apotezee?

Hapana, kupotezea ni komaa iliyovaa nguo nyingine. Mkoa wetu uko mpakani, Burundi hapo, Kongo ng'ambo ya ziwa, na kambi ya Nyarugusu kule Kasulu ipo toka 1996, kwa hiyo watoto wenye lafudhi tofauti wapo kila darasa. Na kinachonishangaza ni kwamba Muha akifika Dar naye anaulizwa we si Mrundi, anarudi huku analalamika, kesho mwanae anamfanyia hivyohivyo mwenzie.

Cha kufanya: mwalimu amuite anayecheka pembeni, si mbele ya darasa, vinginevyo jioni njiani kitaumana. Anayechekwa asisimamishwe kueleza historia yake ili wenzie "wajifunze", hiyo ni kumfanya maonyesho. Mpe nafasi yenye kazi, atunze jezi, asimamie muda, akae na mwenzake mmoja mpole. Hahitaji darasa zima. Rafiki mmoja anabadilisha njia nzima ya kurudi nyumbani.

14. Tunataka kuanzisha kikundi cha vijana ila hatuna bajeti.

Sisi pia hatuna. Mnajua Jane Goodall, yule mama aliyekuja Gombe hapo jirani mwaka 1960 kuangalia sokwe. Mwaka 1991 alikaa barazani kwake Dar es Salaam na wanafunzi 12 wa sekondari waliokuwa na maswali yao kuhusu mazingira na mtaa wao, na pale ndo ikazaliwa Roots & Shoots ambayo sa hivi iko nchi nyingi. Wanachama wanachagua wenyewe cha kufanya, hiyo ndo siri yake.

Mi hilo nililijua kichwani nikalisahau kwa vitendo. Mwaka wa kwanza nikawaamulia kitalu cha miche, nikanunua viriba, nikawapangia zamu ya kumwagilia. Miche ikakauka yote. Nikakasirika, nikawauliza sasa nyie mnataka nini, wakasema magoli yetu hayana nyavu. Wakaenda wenyewe Kibirizi kuomba nyavu chakavu za wavuvi, wakakaa Jumamosi tatu wanashona, mzee mmoja mvuvi akaja kuwafundisha fundo. Zile nyavu mpaka leo zinatunzwa kama mboni ya jicho. Kwa hiyo baraza moja, siku moja isiyobadilika, na waachie waamue. Na usiahirishe hovyo! Ukiahirisha mara mbili mfululizo, wale ambao kila mtu amewahi kuwaahidi kitu akapotea hawarudi.

## Mambo mazito

15. Nitajuaje hii si ujana tu bali ni hatari?

Kununa siku mbili ni ujana. Angalia mabadiliko yanayokaa wiki mbili na zaidi: halali au analala kutwa, hali chakula, kaacha vitu alivyovipenda, kajitenga na hata rafiki yake wa damu, anagawa vitu vyake, anasema "nyie mngekuwa salama bila mimi" au "nimechoka kuishi". Usicheke, na usimwambie anamkufuru Mungu. Muulize wazi kabisa: unafikiria kujiua? Watu wanaogopa kwamba ukiuliza unampa wazo. Humpi, unampa mlango.

Akisema ndiyo, usimwache peke yake hata dakika, dawa, sumu na chochote cha hatari kitoke ndani, na mwende hospitali siku hiyohiyo, huku mjini ni Maweni. Usisubiri Jumatatu. Namba 116 ni ya simu kwa mtoto, nchi nzima, bure, na mtu mzima pia anaweza kupiga kuomba ushauri. Maombi na dua endeleeni navyo, ila hospitali kwanza.

16. Kaniambia kitu kizito akaniomba nisimwambie mtu. Nitunze siri?

Usiahidi kabla hujasikia. Sema "nitakusikiliza, ila kama kuna mtu anakuumiza nitahitaji mtu wa kutusaidia, na nitakwambia kabla sijaenda". Ikiwa ni kupigwa kupita kiasi, kushikwashikwa au kubakwa, neno la kwanza ni "nakuamini, si kosa lako". Usimhoji kama polisi na usimfuate mtuhumiwa ukamtibue. Nenda dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi, au afisa ustawi wa jamii, au piga 116. Kama ni kubakwa, hospitali mapema, ndani ya saa 72 kuna dawa za kinga ya VVU, na asioge kwanza.

Mtasikia neno "tumalizane kifamilia". Nimeliona likifanyika, mbuzi akachinjwa, wazee wakapeana mikono, na binti akabaki anamhudumia chakula yuleyule mtu. Mi nalichukia hilo neno na sitaki kulipaka rangi.

17. Binti yangu alipata mimba akaacha shule. Ndo basi?

Sio basi. Novemba 2021 serikali iliruhusu wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwemo waliojifungua, kurudi kwenye shule za kawaida. Ongea na mkuu wa shule au ofisi ya elimu ya kata, usichelewe. Kinachowarudisha nyumbani mara ya pili mara nyingi si masomo, ni maneno ya watu na mtoto wa kumwachia nani. Bibi akishika mtoto mpaka saa tisa, na rafiki mmoja akatembea naye wiki ya kwanza kwenda shule, umeshafanya kazi kubwa.

18. Kapata ziro form four, hatoki ndani.

Siku tatu za kwanza mwache alie, mpelekee chakula, wageni wenye "na wewe ulipata ngapi" wazuie mlangoni. Afu mpe kazi ndogo yenye mwisho (swali la 7). Baada ya hapo ndo muongee kuhusu kurisiti, VETA, ufundi. Mpango ukiletwa siku ya matokeo hausikiki.

19. Nimejaribu miezi mitatu, hataki hata kuniangalia. Niache?

Punguza maneno, usipunguze kuwepo. Yule kijana wa swali la 1, baada ya kujua nilichofanya nilienda kwao mara mbili hakutoka nje. Nikaanza kutuma salamu kwa mdogo wake kila Jumamosi, "mwambie kaka yako leo tulikuwa kumi na tisa". Mwezi mzima kimya. Siku moja nafika nakuta kakaa juu ya jiwe ana pampu, anajaza mpira. Nikamwambia umekuja, akasema eeh. Tukacheza.

20. Na sisi wazazi tukichoka?

Mtachoka. Tafuta mtu mmoja wa kumwambia ukweli, wa kwaya, wa vikoba, wa msikitini, na siku hiyo mtoto akae kwa shangazi. Anayetaka kuja kutuona, ni Jumamosi saa tisa alasiri, uje na maji yako, ya kwetu hayatoshi.